Tunachoacha kununua, kuna anayekibeba

Kikao cha MUSO yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana pesa hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, kilikuwa karibu kumalizika. Sanduku la kijani, la akiba na mikopo, lilikwisha kuhesabiwa, jekundu la kusaidiana pia, na lile la bluu, la pesa za kutoka nje, ambalo kwetu hukaa tupu karibu mwaka mzima, lilikuwa pembeni ya meza. Ndipo mama anayetuongoza akaomba kila mmoja asimame ataje kitu kimoja alichoacha kununua nyumbani kwake, ili tupeane moyo katika kipindi hiki kigumu.

Tukaanza. Mmoja aliacha mkate wa asubuhi. Mwingine aliacha kununua mega za intaneti ya simu kila siku, sasa ananunua mara moja kwa juma. Mwingine sukari. Mwingine alisema hapandi tena pikipiki kutoka soko la Kadutu, anapanda mlima kwa miguu na kapu lake kichwani. Kila aliyesimama alipigiwa makofi.

Kisha akasimama mama mmoja ambaye sote tunampenda kwa utaratibu wake. Akasema: "Mimi nimeacha kununua maji. Binti yangu wa kwanza anateka mwenyewe."

Makofi yake yalizidi ya wote.

Binti huyo namfahamu. Yuko darasa la sita, mwembamba, mwenye haya. Nyumba yao iko juu kabisa katika kartie yetu, yaani mtaa wetu, mahali ambapo hata mtu mzima asiye na mzigo husimama katikati ya njia kuvuta pumzi. Nilirudi nyumbani, nikapika, tukala, tukalala. Lakini yale makofi yamekaa nami wiki nyingi, nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa namsuka binti yangu nywele.

Tulikuwa tunampongeza nani?

## Majina kwenye daftari

Msomaji wa Bukavu hana haja ya kuelezwa kwa nini tunabana matumizi. Tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025 na benki zikafunga milango, kila nyumba imejifunza hesabu mpya. Noti za franka zimechakaa, dola yenye mpasuko mdogo inakataliwa, na pesa ikija kwa simu kuna ada ya kuitoa. Tuyaache hayo.

Ninachotaka kusema ni kwamba vitu vingi tunavyodai tumeacha kununua, nyumba haijaacha kuvitumia. Maji bado yananywewa. Mzigo bado unatoka sokoni na kufika jikoni. Nguo bado zinafuliwa. Iliyoondoka ni noti peke yake, na mahali pake pameingia mgongo, miguu, saa za usingizi. Na mara nyingi mno mwenye mgongo huo hakuwepo kwenye kikao kilichoamua.

Kwa hiyo usiku mmoja nilichukua daftari la nyumba nikapitia vitu tulivyofuta tangu mwaka jana. Mbele ya kila kimoja nikaandika jina la mtu: nani sasa anafanya kazi ambayo pesa ilikuwa inafanya?

Mkate tumeubadilisha kwa viazi vitamu. Anayeamka gizani kuwasha mbabula, jiko letu la mkaa, ni mimi, na makala, yaani mkaa, yanayochemsha viazi hayakuwahi kuingia katika hesabu ya mkate. Sabuni ya unga tumeibadilisha kwa sabuni ya kipande, na anayesugua ni mdogo wangu anayekaa nasi. Nauli ya pikipiki tumeifuta, na unga unapanda mlima juu ya kichwa cha mdogo wangu huyohuyo. Kusagiwa karanga tumeacha, zinatwangwa nyumbani, na mtwangaji ni binti yangu akitoka shule.

Nilipofika chini ya ukurasa nikaona jina langu, la mdogo wangu na la binti yangu. Jina la mume wangu, papa wa watoto, halikuwepo, wala la kijana wetu mkubwa.

Papa wa watoto ni mtu mwema, na anayejua maisha ya huku anajua wanaume wamebeba yao katika miezi hii, hofu ikiwemo. Sikuandika majina ili nimshitaki. Lakini niliona jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa macho yangu mwenyewe: orodha ya kubana inaanzia jikoni kwa sababu daftari linakaa jikoni. Chupa ya jioni na rafiki zake haikuwahi kuandikwa popote, kwa hiyo haikuweza kufutwa. Kinyozi na mega za kijana, vivyo hivyo. Kisichoandikwa hakionekani kama matumizi. Kinahesabiwa kama sehemu ya mtu.

## Kilo 20

Bidoni ya kawaida inachukua lita 20, na lita moja ya maji ni kilo moja. Mashirika yanayohudumia wakimbizi hutumia lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini cha dharura, yaani kunywa, kupika na kujisafisha. Nyumba ya watu saba kwa kipimo hicho cha kambini inahitaji lita 105. Hizo ni kilo zaidi ya 100, kila siku, kutoka bondeni kwenda juu.

Toa wale wadogo wasioweza kubeba, toa baba aliye kazini au anayetafuta kazi, toa mama aliye sokoni. Anabaki binti.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nimewaza sana juu ya methali hiyo katika wiki hizi, kwa sababu mama yule hakuwa mkatili. Alisema "anateka mwenyewe" kwa fahari, kama mtu anayeeleza kwamba mtoto wake amekua. Na kweli mtoto kusaidia nyumbani ni malezi; mimi mwenyewe nimelelewa hivyo, na sitamlea wangu kama mgeni. Kuna umbali kati ya mtoto anayeleta bidoni moja ndogo akirudi kucheza na mtoto ambaye nyumba nzima imesimama juu ya shingo yake. Umbali huo hauandikwi kwenye daftari. Unaonekana kwa mwalimu.

Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya serikali hailipiwi, na sisi wazazi tuliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa, maana tulikuwa tumechoka kubeba mishahara ya walimu. Sasa fikiria mtoto ambaye asubuhi anapanga foleni penye bomba, anapandisha maji, anaoga haraka, anafika darasani somo la kwanza likiwa limekwisha. Karo hatukutoa. Somo limetolewa.

Maji yenyewe nayo yana hesabu ya pili. Bomba likikauka tunakwenda ziwani, na ziwani maji hayana bei. Lakini huku kipindupindu hakikai mbali, kwa hiyo maji ya ziwa lazima yatiwe dawa au yachemshwe. Kuchemsha ni makala. Makala yametoka kwenye miti ya Kabare na, sote tunajua, mengine yametoka ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyowekwa mwaka 1970 ili kuwalinda gorila. Maji yaliyokuwa ya bure chini yakifika juu yanadai pesa. Wengi wetu tukifika hapo tunachoka, tunayanywa hivyo hivyo.

Niliposema haya kwa jirani yangu alinyamaza, halafu akasema: "Mama, sasa unataka tufanyeje?"

Sikuwa na jibu siku hiyo.

## Unga ulioshuka bei

Kabla sijafika kwenye majibu, kuna mfano mmoja ambao siwezi kuuruka, kwa sababu unahusu chakula chetu cha kila siku.

Muhogo mchungu una sumu, na mama zetu walijua kuiondoa: kuloweka siku tatu hivi, kumenya, kukausha juani vizuri, ndipo kusaga. Ile siku ya pili na ya tatu ya kuloweka inaonekana kama kupoteza muda. Anayehitaji pesa haraka, au anayekimbia vita na kuvuna mapema, hufupisha. Anautoa muhogo ukiwa haujaiva majini, anaukausha juu juu, anaupeleka sokoni. Unga wake unaweza kushuka bei kidogo, na wewe unayebana unafurahi kuupata.

Ugonjwa unaotokana na muhogo usioandaliwa vizuri unaitwa konzo. Daktari Giovanni Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya wagonjwa wake wa Kwango, upande wa magharibi ya nchi yetu, na baadaye umeripotiwa hata hapa Kivu Kusini. Unakuja ghafla. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekaza, na haiponi tena. Unawapata zaidi watoto, na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Jambo lililonishtua zaidi ni hili: mwili unaweza kuisafisha sumu hiyo kidogo kidogo ikiwa chakula kina protini ya kutosha, kama ya samaki na maharagi. Anayekula bugali na majani peke yake, kwa wiki nyingi, hana kinga hiyo. Sasa tazama orodha zetu za kubana. Cha kwanza kufutwa ni sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tunasema ni kitoweo cha kuongezea ladha, watoto wataendelea na sombe, majani ya muhogo. Yaani tunatafuta unga wa bei ya chini, na siku hiyo hiyo tunaondoa kilichokuwa kinawalinda dhidi ya unga mbaya.

Na hao samaki wadogo ni neema ya ajabu kwa mji huu. Ziwa Kivu halikuwa nao. Walitolewa Tanganyika wakaletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaliana, na leo taa za wavuvi usiku ziwani ni zao. Kitu kilichosafirishwa kwa taabu hivyo ili watu wa ziwa hili wapate protini, sisi tunakiweka kwenye orodha ya anasa pamoja na soda.

Kwangu mimi sambaza hazikatwi. Nikibaki na franka za kitu kimoja juu ya bugali, nanunua fungu la sambaza, hata dogo, naligawa kwa kijiko. Na unga nanunua kwa mama ninayemjua, ambaye ninaweza kumuuliza muhogo wake ulilala majini siku ngapi.

## Anayeuza maji

Hapa ndipo mawazo yangu yalipokwama kwa muda mrefu.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba jibu ni jepesi: usimbebeshe mtoto wako, nunua maji. Lakini maji ninayonunua hayapandi yenyewe. Yanapandishwa na mwanamke, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso wake, bidoni mgongoni, mwili umeinama mpaka hauoni mbele. Bukavu imejaa wanawake hawa. Wanapandisha magunia kutoka bandarini na Beach Muhanzi kwenda masokoni, wanapandisha mchanga na matofali kwenye viwanja vya watu wanaojenga, na huku kwetu wanapandisha maji. Mmoja wao ndiye anayetuletea.

Nikinunua, je, sijahamisha tu mzigo kutoka kwa binti yangu kwenda kwa binti ya mtu mwingine?

Siku moja nilimpa kiti apumzike, nikamwambia waziwazi kinachonisumbua. Nilimwambia naona haya kumnunua mgongo wake. Alicheka kwanza. Kisha akaniambia, bila kukasirika:

"Mama, wewe ukiacha kununua, hutaniondolea bidoni. Utaniondolea chakula. Bidoni nitabeba tu, ya kwangu, jioni, na hiyo hakuna anayenilipa."

Nikamuuliza kama angeacha kazi hii angepata nyingine. Akasema angeiacha kesho asubuhi. Shingo inamuuma usiku. Angetaka mtaji mdogo wa kuuza makala mbele ya nyumba, akae na mtoto wake mdogo. Lakini leo ana bidoni, na watu walioanza "kubana" wamempunguzia wateja, na wale waliobaki wanamlazimisha ashushe bei kwa sababu wanajua hana pa kwenda.

Maneno hayo yalinigeuza. Nilikuwa nimefikiri kuna pande mbili, kununua na kutonunua, na kazi yangu ni kuchagua upande wenye usafi. Mbele yangu alikuwa amekaa mtu ambaye kila uamuzi wangu unamgusa, na hakuna hata mmoja unaomwacha salama.

Nilichoamua ni kidogo. Maji ninayonunua, nanunua kwake, na siombi apunguze bei. Kubana matumizi kwa kumbana mtu aliye chini yangu sikukubali tena nyumbani kwangu. Nikikosa pesa ya bidoni mbili, nanunua moja kwa bei yake. Nilimwalika MUSO pia. Akauliza hisa ya juma ni kiasi gani, nikamtajia, akatikisa kichwa. Nimeleta jambo hilo kwa wenzangu: je, tunaweza kuwa na hisa ndogo kwa watu kama yeye? Wengine wanaogopa kwamba asiyeweza hisa ya kawaida hataweza kurudisha mkopo. Mazungumzo yanaendelea, na mimi sitayaacha.

## Vitu vinavyokatika

Kuna matumizi ambayo ukiyakata hakuna mgongo unaoinama. Hayo ndiyo tungepaswa kuyaanza, na ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu yanagusa heshima.

Kitenge cha sare ndicho cha kwanza. Harusi ikija, msiba ukimalizika, ubatizo, jubile ya kwaya: kitenge kipya, rangi moja, kila mama anunue. Kipande kizima ni yadi 6, juu yake ushonaji, na hutavaa tena kwa sherehe nyingine kwa sababu sherehe nyingine ina rangi yake. Nimeona mama akikopa kwenye sanduku la kijani ili anunue kitenge cha harusi ya mtu ambaye hajawahi kufika nyumbani kwake. Mkopo ule ungekuwa karo ya sekondari.

Katika kundi letu tumekubaliana: mwenye sherehe achague rangi ya kitambaa cha kichwa tu, kitenge kila mtu atoe sandukuni kwake. Tulipofanya hivyo mara ya kwanza niliona macho ya watu wa upande wa bwana harusi yakitupima. Ilinichoma, nakiri. Lakini tulicheza vizuri, na hakuna aliyerudi na deni. Najua muuza vitenge na fundi wa cherehani nao wanaishi kwa sherehe hizo. Nimelifikiria. Fundi tunampelekea marekebisho ya nguo za watoto, anapata kidogo. Muuza vitenge amepoteza, na sijui namna ya kulipa hilo.

Lingine ni moto. Maharagi nayaloweka tangu jioni, maji yale nayamwaga. Asubuhi yakishachemka vizuri, nashusha sufuria, nailaza na kifuniko chake ndani ya kapu lililotandikwa nguo nzito za zamani, nafunika kabisa. Joto linaendelea kuivisha lenyewe huku mbabula imezimwa. Wali unaiva hivyo bila shida. Maharagi yanataka kurudishwa motoni kidogo mwishoni. Hiyo imetupunguzia makala bila kumwamsha mtu usiku wala kumtuma mtu bondeni. Mdogo wangu ndiye aliyelishona lile kapu, na sasa anawashonea majirani kwa malipo.

Na chupa ya jioni. Nilimwonyesha papa wa watoto ukurasa wenye majina. Sikumwambia lolote, nilimpa asome. Alikaa nao muda. Kisha akaomba kalamu, akaandika mwenyewe matumizi yake ya juma lililopita, yote, na mengine hata mimi sikuyajua. Hakusema ataacha. Alisema: "Haya nayo yakae humu." Jumamosi iliyofuata yeye na kijana walishuka na bidoni. Watu wa avenyu yetu walimtazama kama mtu aliyefiwa, na mzee mmoja akamuuliza kama mke wake anaumwa. Akajibu kwamba mke wake mzima, na akaendelea kupanda.

## Bati la mita za mraba 30

Papa wa watoto ndiye aliyepinga hatua iliyofuata, na alikuwa na sababu.

Nilimwambia nataka kukopa MUSO ninunue mifereji ya bati na pipa la maji ya mvua. Akanitazama. "Wewe uliyefuta hata mkate, unataka kununua pipa?"

Tukakaa na kalamu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita ya mraba 1 inatoa lita 1. Ni hesabu rahisi ambayo hata binti yetu aliifanya. Bati la nyumba tunayokaa lina mita za mraba 30 hivi. Mvua ya milimita 10, ambayo kwa Bukavu ni mvua ya kawaida ya alasiri, inamwaga juu ya bati hilo lita 300. Hizo ni bidoni 15. Hata theluthi ikipotea kwa kuruka na kuvuja, zinabaki bidoni 10, na zimefika zenyewe, mlangoni, juu ya mlima.

Na mvua hapa inaanza Septemba inaendelea hadi Mei. Mji huu unapata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Juu ya bati letu dogo hilo ni lita 36,000 zinazopita kila mwaka, zinachimba korongo nyuma ya choo, zinashuka kwa jirani wa chini na kuleta ugomvi, kisha zinaingia ziwani, na sisi tunashuka kuzifuata huko na bidoni.

Papa wa watoto aliirudia hesabu ile mara mbili.

Miaka yote nilikuwa naelewa kubana kama kutonunua. Hapo nikaona nyumba inaweza kuwa imefuta kila kitu na bado inapoteza kila siku, kwa sababu imekosa kitu kimoja cha kununuliwa. Maskini ananunua maji kwa bidoni, makala kwa vifuko, unga kwa kikombe, mega kwa saa, na kila kipimo kidogo kina faida ya mtu ndani yake. Anajua. Ila hana pesa nzima ya kununua kikubwa. Ndiyo maana naipenda MUSO: inaweka pesa nzima mkononi mwa mtu ambaye peke yake angeiona vipande vipande tu. Kumkopesha mama kwa kitenge na kumkopesha kwa mfereji ni sanduku lile lile, riba ile ile.

Maji ya bati yana masharti yake. Mvua ya kwanza baada ya jua kali inaosha vumbi na kinyesi cha ndege, tunaiacha ipite. Pipa linafunikwa ili mbu wasizalie humo. Ya kunywa tunayatia dawa kama maji mengine. Lakini ya kuoga, kufua, kudeki, kuosha vyombo, yaani sehemu kubwa ya zile lita 105, yanatoka pale pale.

Juni mpaka Agosti pipa litakuwa kavu, na yule dada wa bidoni atakuwa na kazi nyingi kwetu. Miezi ya mvua atauza kidogo. Nilimwambia mapema, kabla sijafunga mfereji, asije akasikia kwa watu. Aliniambia miezi ya mvua wateja hupungua kila mwaka, naye huhamia kubeba mboga za Nyawera. Alisema hivyo kwa upole, na mimi bado naliona ni jambo zito.

## Nyumba si yetu

Kuna kizuizi ambacho wenzangu walikitaja mara moja nilipoleta wazo hili kikaoni, na ni cha kweli: wengi wetu ni wapangaji. Ukifunga mfereji kwenye bati la mwenye nyumba, siku atakayokutoa utauacha. Wengine wamewahi kutengeneza choo, kupaka rangi, halafu bei ya nyumba ikapandishwa kwa sababu imekuwa nzuri.

Pipa linahamishika, hilo halina shida. Mfereji tumeufunga kwa waya badala ya misumari, kwa hiyo unafunguka. Lakini nilitaka zaidi ya hapo. Nilikwenda kwa mwenye nyumba na papa wa watoto, tukamweleza habari ya korongo linalokula msingi wake nyuma ya choo, tukamwonyesha kwamba maji yakiingia pipani hayachimbi tena. Alikuja kutazama. Tulimwomba gharama ya mifereji iongezwe kwenye garanti, pesa ya dhamana tuliyomwachia, ili siku ya kuondoka aturudishie au tukae miezi hiyo bila kulipa. Alikataa nusu, akakubali nusu. Tumeandika karatasi, amesaini, shahidi ni mkuu wa avenyu.

Nakala ya karatasi hiyo niliipeleka kikaoni. Akina mama watatu wameomba waiandike upya kwa mkono kwa ajili ya wenye nyumba wao, na mmoja wao ni yule wa binti wa darasa la sita. Bati lake ni dogo kuliko letu na limetoboka upande mmoja, kwa hiyo tunahesabu kwanza kama mkopo utoshe bati moja jipya pamoja na mfereji, au mfereji wa upande mzima peke yake. Mimi nasema upande mzima kwanza. Yeye anataka bati, kwa sababu kitanda cha watoto kiko chini ya lile tundu.